Picha ya Kumi na Mbili

"Picha ipo," nilisema, na nilisema kwa sauti ambayo wanafunzi wangu wa zamani wangeitambua, maana kijana aliyekuwa kwenye kompyuta aliondoa vidole haraka. Tulikuwa sebuleni kwa marehemu Baba mdogo Onchiri, nje kidogo ya Kebirigo, siku mbili kabla ya kumzika, na wajukuu walikuwa wakitengeneza kijitabu cha mazishi. Siku hizi kijitabu hakiwi kijitabu bila ukurasa wa ukoo: nyuso zetu sote ndani ya viduara, na mistari ya kuonyesha nani alimzaa nani. Juu kabisa, mahali pa mama yake marehemu, ambaye ndiye nyanya yetu, walikuwa wameacha kiduara kitupu na kuandika chini yake: picha haipo. "Shosh, tumetafuta kwa albamu zote," kijana akajitetea, shosh ikiwa ndiyo nyanya ya vijana wa siku hizi. "Hakuna." Binamu yangu Nyaboke, aliyekuwa dirishani akichambua mchele kwenye sinia, hakuinua hata kichwa. "Mtoto anasema kweli," alisema. "Ulicho nacho wewe, Kwamboka, si picha ya Magokoro. Ni picha ya kinyonga." Nyaboke amenilaumu kwa jambo hili zaidi ya miaka hamsini, na ni mwanamke asiyechoka. Nilikasirika, sitaficha. Nikaingia chumbani, nikafungua mkoba wangu, kwa sababu picha hiyo husafiri nami kila niendako, nikakaa kitandani nayo. Heri nieleze mambo yalivyokuwa, kuanzia mwanzo, halafu kila mtu aseme apendavyo.

Ulikuwa mwaka wangu wa darasa la saba, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi na Nyaboke tulikuwa na umri mmoja, na kila shule zilipofungwa tulipelekwa kwa Magokoro, ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita nyanya. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imepakwa chokaa ndani ikawa nyeupe kama yai, na jikoni kulikuwa kando, chini ya nyasi. Tulilala watatu chumba kimoja: yeye kwenye kitanda cha mbao, sisi kwenye mkeka miguuni pake. Alilima majani chai na hakuyanywa. Wasabato wa enzi ile hawakunywa chai, na yeye alikuwa Msabato wa kukata na shoka. Asubuhi tulichuma majani mpaka vidole vikawa vya kahawia, kisha tukarudi kunywa uji wa wimbi. Pia alikuwa mkunga. Hakuna aliyemwita mkunga, na hakupata cheti popote, lakini mke wa mtu akishikwa na uchungu kuanzia kwetu hadi ng'ambo ya mto, aliyefuatwa ni yeye. Alikuwa na kovu jeupe kwenye kidole gumba cha kulia, alipojikata na kisu cha kukatia ndizi akiwa msichana, na kovu hilo lilikuwa refu kama punje ya ngano. Mkono huo ndio ulionipokea nilipozaliwa. Nyaboke ulimpokea wiki tatu baadaye. Alipenda kutukumbusha hilo tulipokuwa wakaidi: "Nilikuona kabla mama yako hajakuona, kwa hiyo tulia."

Likizo ya Aprili Baba mdogo, aliyefundisha sayansi mjini Kisii, alikuja na kamera. Aliinunua kwa mwalimu mwenzake aliyekuwa akirudi kwao Uingereza. Ilikuwa kisanduku cheusi chenye ukubwa wa mkate, na nyuma yake kidirisha chekundu ambamo ungesoma namba ya picha uliyofikia. Filamu moja ilitoa picha kumi na mbili, basi. "Nani ana mkono usiotetemeka?" aliuliza, na mimi nikanyoosha mkono kabla Nyaboke hajamaliza kutafakari. Nilimpiga Nyaboke picha moja mlangoni, akiwa amekunja uso, kisha nikaenda nyuma ya jikoni nikazimaliza zote kumi na moja zilizobaki. Nyuma ya jikoni kulikuwa na rundo la maganda ya ndizi na vipepeo weupe juu yake. Kulikuwa na chozi, ndege mdogo wa kijani, aliyening'iniza kiota chake kwenye utando wa buibui. Kulikuwa na ua la mgomba lililofungua petali lake la zambarau, kubwa kama sikio la ng'ombe. Nilikuwa nimepita hapo maisha yangu yote nikienda kutupa jivu, na siku niliyoshika kisanduku kile ndipo nilipoona. Baba mdogo aliporudi na picha kutoka mjini, zote kumi na moja zilikuwa ukungu mtupu. Nyaboke tu ndiye aliyeonekana vizuri, uso umekunjwa, na tangu siku hiyo akaamini kwamba kamera inampenda.

"Ulisogea karibu mno," Baba mdogo alinieleza likizo ya Agosti. Tulikuwa mezani, mbele yetu sufuria ya matoke na bakuli la managu, mboga yetu ya kienyeji, yaliyolazwa na maziwa. "Jicho la kamera hii ni kama la mzee. Vya mbali inaviona, vya karibu vinaipotea." Aliponena neno mzee akamtazama mama yake, ambaye siku hizo alikuwa amepewa miwani hospitalini kwa ajili ya kusomea Biblia. Nilimwona wazo likimjia. Akaomba ile miwani, akafunga mlango, akaacha dirisha moja wazi, akaishika miwani karibu na ukuta ulio mkabala na dirisha na kuisogeza taratibu. Ghafla kwenye chokaa nyeupe ikatokea migomba yetu, midogo, ya kijani kibichi, kichwa chini miguu juu, na majani yake yanapeperushwa na upepo. Magokoro alishika mdomo. "Nyasae!" alisema, yaani Mungu wangu. "Onchiri, nani ameipindua migomba yangu?" Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. Kisha akapima kwa kijiti umbali kati ya kioo na ukuta, akakikata kijiti pale pale, akanipa. "Ukiweka kioo cha miwani mbele ya jicho la kamera, na mdudu wako akae mwisho wa kijiti hiki, hutapata ukungu tena." Nimefundisha baiolojia kwa miaka thelathini na moja, na sikuwahi kutoa somo lililofikia lile la dakika kumi kati ya matoke na managu.

Hivyo Agosti nilipata picha zangu za kwanza za kweli: nyuki ndani ya ua la boga, konokono juu ya kuni, miguu ya kuku. Lakini kila nilipotaka kupiga ilinibidi niombe miwani, na Magokoro hakuitoa ovyo. "Mke mwenzangu," alikuwa akiniita, maana kwetu nyanya na mjukuu hutaniana namna hiyo, "unataka kuninyang'anya mume, sasa na macho pia?" Kisha huivua, huifuta kwa leso, hunipa, na kunifuata hadi nyuma ya jikoni kulinda mali yake. Akisimama pale bila miwani alikuwa haoni ninachopiga. "Ni nini?" huuliza. "Ni nyuki, Magokoro." "Anafanya nini?" Nami humweleza. Nadhani hapo ndipo nilipojifunza kueleza.

Desemba Baba mdogo alileta filamu ya tatu na kusema kwamba hiyo ndiyo ya mwisho mpaka Agosti ya mwaka ujao, kwa kuwa anahamishiwa shule ya mbali. Siku hiyo Magokoro akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kabla. Tulikuwa tukimenya ndizi jikoni, mikono imetapakaa utomvu. "Babu yenu alikufa bila picha," alisema. "Nyinyi hamjui uso wake. Mimi mwenyewe siku nyingine nautafuta, naona kofia tu. Mniachie moja. Moja tu, nimekaa kitini, ili siku moja mtoto wa mtoto wenu akiuliza, mwonyeshe." Nilimwahidi picha ya mwisho, ya kumi na mbili. Nyaboke akajitwika maandalizi. Alichagua siku, Jumapili, kwa kuwa kazi ya Jumamosi haiko. Alichagua kiti, akachagua shuka la kutundika nyuma, na Ijumaa kabla jua halijatua, wakati tulipokuwa tukipika chakula cha Sabato na kung'arisha viatu, akaipiga pasi ya makaa gauni la buluu mara mbili. Mimi nami nilisogeza filamu mpaka kidirisha chekundu kikaonyesha kumi na mbili. Hapo nilijiona nimejiandaa vyema: kazi yote imekwisha Ijumaa kama amri inavyotaka, na imebaki kubonyeza tu.

Sasa, kinyonga. Nilimgundua majuma mawili kabla, kwenye ua wa michongoma nyuma ya jikoni, wa kijani, mnene. Sikumwambia mtu, kwa sababu kwetu kinyonga hana rafiki. Watoto humpiga mawe, wakubwa hutema mate wakimwona, na kanisani ametajwa miongoni mwa vitambaavyo vilivyo najisi. Nyaboke angemchoma moto. Lakini Magokoro nilimwonyesha, kwa umbali wa hatua tatu, kwa kuwa alikataa kusogea zaidi. Alimtazama kwa muda mrefu, miwani puani. "Huyo ni mja mzito," akaamua. Nilimwambia vinyonga hutaga mayai ardhini, tulisoma shuleni. "Shuleni walimshika tumbo?" aliuliza. "Huyo anazaa. Na siku zake haziko mbali." Tangu hapo kila asubuhi aliniuliza chini chini, Nyaboke asisikie: "Mgonjwa wetu yuaendeleaje?"

Jumamosi ile watu wote walikwenda kanisani. Magokoro alikuwa amevaa tayari gauni lake jeupe la akina mama wa kanisa, ila goti lilimvimba akashindwa kutembea, na mimi nikaachwa kumtunza. Tulikaa nyuma ya jikoni kwenye kivuli, yeye juu ya kigoda na Biblia mapajani, akisoma kwa kunong'ona. Nilikwenda kumwangalia kinyonga, nikaona kitu ambacho sijaona tena katika maisha yangu. Alikuwa ameng'ang'ania tawi, mwili unabadilika rangi, na kwa nyuma kikatoka kifurushi kinachong'aa, kidogo kuliko harage, kikadondoka juu ya jani. Kikatulia. Kisha kikanyooka, kikapasua ngozi yake, na kikawa kinyonga kamili, na vidole, na mkia uliojikunja, kikaanza kutembea. Nilirudi mbio. "Magokoro, anazaa! Anazaa watoto, si mayai!" Nikasimama pale, kwa kuwa nilishajua nilichotaka na nilijua siwezi kukiomba. Ilikuwa Sabato. Mnyama alikuwa najisi. Picha iliyobaki ilikuwa moja, na ilikuwa yake. Na miwani ilikuwa usoni pake.

Alifunga Biblia. "Leta sanduku lako," alisema. Nilianza kulia. "Magokoro, ni picha yako. Na leo ni Sabato." Alikuwa anainuka kwa kushika ukuta. "Sikiliza, Kwamboka. Mwaka aliozaliwa Nyaboke, walinifuata kanisani katikati ya maombi. Nikatoka. Mzee wa kanisa akauliza, ninakwenda wapi siku takatifu? Nikamwambia, mwenye kuzaa hana Sabato, na anayemshika mkono hana Sabato pia. Mpaka leo hajanijibu." Nikasema ile ilikuwa ya mtu, hii ni ya kinyonga. "Aliyemwekea uchungu ni nani?" aliniuliza. Nikasema na Nyaboke je, na gauni la buluu? Hapo, nitasema kweli, niliona kwamba aliitaka picha ile. Aliitaka sana. "Uso wangu utakuwepo Agosti," alisema. "Huyu hatangoja Agosti." Akaivua miwani, akaifuta kwa leso, akanipa.

Niliweka kamera juu ya kigoda chake, nikaweka kioo cha miwani mbele ya jicho la kamera, nikapima kwa kijiti. Tawi lilikuwa linayumba kwa upepo. Magokoro, aliyekuwa hajawahi kukaribia zaidi ya hatua tatu, alikuja akichechemea, akaingiza mkono kwenye miiba akalishika tawi likatulia. Ule mkono wa kulia akauweka chini, kiganja juu. Sikumwambia afanye hivyo. Bila miwani hakuona kitu ila kijani, lakini mkono ulijua pa kukaa. "Sema anapokaribia," alisema, na sauti yake haikuwa ya nyuma ya jikoni, ilikuwa ya chumba cha mzazi. Nikasema, "Anakuja. Anakuja, Magokoro." Kifurushi kikadondoka kwenye kiganja chake. Hakushtuka. Alikaa vile vile mpaka kikajinyoosha na kushika kidole gumba kwa vidole vyake vyote, na hapo nikabonyeza. "Ni mzima?" aliuliza. Nikamwambia ni mzima.

Nyaboke aliporudi kutoka kanisani nilimwambia mwenyewe, nisije nikaitwa mwizi. Sijaona mtu akikunja gauni taratibu namna ile. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema. "Umemuuza nyanya yako kwa kinyonga." Magokoro alimwita akamweleza kwamba aliamua yeye, lakini Nyaboke hakutaka kuelewa, na Januari tukaachana hivyo, yeye shule yake na mimi yangu. Aprili niliporudi kutoka kidato cha kwanza, Baba mdogo alikuwa ametuma picha zimeoshwa. Magokoro aliitoa ya kumi na mbili katika bahasha, akavaa miwani, akaisogeza hadi mwanga wa dirisha, na hapo ndipo alipoona kwa mara ya kwanza kile kilichozaliwa mkononi mwake. Alihesabu vidole vya kile kitoto. Alicheka kwa kicheko kidogo cha kooni. Sabato iliyofuata aliipeleka kanisani, akawaonyesha akina mama wote, na ukingo wa mkono mweupe wa gauni ulionekana waziwazi, hivyo hakuna aliyehitaji kuuliza ilikuwa siku gani. Mzee wa kanisa aliiangalia, akamrudishia, akasema mvua ya mwaka huu ni nzuri. Na ilikuwa nzuri kweli. Mwezi wa Mei, katikati ya mvua hiyo, Magokoro alishikwa na kifua, na Agosti haikumkuta.

Nimeishi na hilo. Kulikuwa na miaka niliyoamini maneno ya Nyaboke, na nikiwa mbele ya darasa nikichora kinyonga ubaoni nilimfuta kabla sijamaliza mkia. Maji yakimwagika hayazoleki. Uso wake sasa unanitoka, kama ulivyomtoka yeye uso wa babu. Nikiutafuta napata miwani na leso. Lakini kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyozidi kukataa kuomba msamaha. Kitini, mbele ya shuka, ndani ya gauni la pasi mbili, angekuwa bibi yeyote wa miaka ile aliyeambiwa asitikisike. Hayo niliyakamilisha kichwani nikiwa bado kitandani, kisha nikatoka na picha hadi sebuleni.

Niliiweka picha mezani mbele ya kijana. Imekuwa ya kahawia pembeni, lakini katikati ni kali: mwiba, kiganja, na kitoto cha kinyonga kimekumbatia kidole gumba, chini tu ya kovu jeupe. Kijana akaipiga kwa simu, akaiweka kwenye kile kiduara kitupu. "Shosh, nikimtoa huyu mnyama, ubaki mkono tu?" Nikamwambia asitoe kitu. Watu wakasogea. Akaja jirani yetu, mzee mwenye fimbo, aliyekuwa amefika kutupa pole, akainama juu ya kompyuta na hakuuliza ni nani. Alilitaja jina la Magokoro, kisha akasema mama yake alikuwa akimsimulia juu ya kovu hilo.

Nyaboke akaweka sinia chini. Alikuja polepole, kwa kuwa magoti yake sasa ni ya Magokoro kabisa, akavaa miwani yake, akainama. Sidhani aliwahi kuiangalia picha ile hata siku moja. Mkono wake ukapanda wenyewe nyuma ya kichwa chake, pale mkunga anapomshika mtoto akizaliwa.

"Hapo," akasema, akionyesha kiganja. "Hapo ndipo nilipofikia."